Askofu Steere na Habari za Sadaka

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alijifunza sheria, kisha akaiacha akawa kasisi, na mwaka 1864 akafika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Siku zile watu walikuwa wakiuzwa sokoni Mkunazini. Steere alikaa na wenyeji, akaandika hadithi zao, akatunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Tena alifundisha vijana kupiga chapa.

Baadaye akafasiri Zaburi. Kazi hii si ndogo kama wengine wadhanivyo, maana mfasiri wa Zaburi hana budi kujua mambo ya madhabahu. Waisraeli wa kale walikuwa na sadaka za namna nyingi. Katika sadaka ya kuteketezwa nyama yote iliungua, mwenye kutoa asionje hata kidogo. Katika sadaka ya amani mafuta yaliteketezwa, kuhani akapewa fungu lake, na iliyobaki mtu aliila na jamaa zake kwa furaha. Maskini asiyepata kondoo alileta hua wawili. Asiyeweza hata hao, alileta unga. Lakini sadaka ya hatia ilikuwa na sharti gumu. Aliyemdhulumu mwenziwe alipaswa kwanza kurudisha alichotwaa na kuongeza sehemu ya tano. Ndipo kondoo wake akubaliwe.

Watu wa Unguja na Pemba walikuwa na maneno yao tayari: sadaka, chakula wapewacho maskini, na kafara ya kuondoa balaa. Basi maneno yalikuwapo, ila ilipasa yaelezwe upya. Na Zaburi ya 51 yaeleza kwamba Mungu hapendezwi na sadaka ya kuteketezwa ikiwa moyo wa mtoaji haukuvunjika.

Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo mashamba ya Pemba yakazidi kutaka watu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa, lakini majahazi yaliendelea kuvuka kwa siri na kushusha Pemba watu walioibwa bara.

Krismasi ya mwaka ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa katika uwanja wa soko. Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe. Husimuliwa ya kuwa madhabahu iliwekwa pale pale watumwa walipokuwa wakipigwa mijeledi. Hapakuchinjwa mbuzi wala kondoo; paliwekwa mkate na divai.

Mwaka 1876 aliwachukua baadhi ya waliokombolewa akawarudisha bara, nao wakakaa Masasi.

Steere alikufa Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ile. Watumwa wa Pemba walingoja sheria ya kuwapa uhuru hata mwaka 1897.