A. S. Hornby: mwalimu aliyeandika kila kitenzi cha Kiingereza kinataka nini mbele yake

Mwanafunzi anajua maana ya "want". Anajua "he", anajua "go". Anaandika "I want he to go", na daftari linarudi likiwa na mstari mwekundu. Akifungua kamusi ndogo ya shule inamwambia kuwa "want" ni kutaka, jambo alilolijua tangu shule ya msingi. Kosa lake liko kwenye kuunganisha maneno, na kwa miaka mingi kamusi hazikuwa na la kumwambia hapo.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuziba pengo hilo ni Mwingereza Albert Sydney Hornby. Jina lake liko kwenye jalada la kamusi ya Oxford ambayo walimu wengi wa Kiingereza wameitumia. Kazi yenyewe hakuianzia Uingereza. Aliianzia Japani.

Hornby alizaliwa tarehe 10 Agosti 1898 mjini Chester, kaskazini magharibi mwa Uingereza, akasomea Kiingereza katika University College London. Mwaka 1924 alipata kazi ya ualimu katika chuo cha biashara huko Oita, kwenye kisiwa cha Kyushu. Aliajiriwa afundishe fasihi ya Kiingereza. Haikuchukua muda akaona kwamba vijana waliokaa mbele yake walihitaji lugha yenyewe kabla ya fasihi. Wengine wangeliona hilo wakaendelea kusomesha mashairi. Yeye aligeukia lugha.

Huko Tokyo alikuwapo Mwingereza mwingine, Harold Palmer, aliyefika Japani mwaka 1922 na kuongoza taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Palmer aliamini kwamba mgeni hajifunzi lugha kwa kukariri maneno moja moja. Anahitaji kujua kila neno linakaa na maneno gani. Mwaka 1938 alitoa kitabu kilichoeleza hivyo matumizi ya maneno yapatayo elfu moja. Lakini Palmer alikuwa ameshaondoka Japani mwaka 1936, na Hornby, aliyekuwa amejiunga naye, ndiye aliyebaki na mzigo wa kuendeleza utafiti. Akiwa na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, ambao nao walikuwa walimu Japani, aliamua kufanya kwa kamusi nzima kile Palmer alichofanya kwa maneno elfu.

Ili kuelewa ukubwa wa kazi hiyo, msikilizaji, anza na lugha yako. Kiswahili kina kalibu moja, kama ile ya kufyatulia matofali. Nataka aende. Nilimwambia aende. Nilimshauri aende. Nilipendekeza aende. Nilimwacha aende. Kitenzi cha pili kinapata -e mwishoni, na hujauliza hata mara moja kama kitenzi cha kwanza kinakubali.

Kiingereza kinakutaka uulize. "I want him to go" ni sahihi. "I told him to go" na "I advised him to go" pia ni sahihi. Mtu akizoea hapo huendelea kwa kasi ileile hadi "I suggested him to go", na hapo anaanguka, kwa sababu "suggest" haitaki kalibu hiyo. Inataka "I suggested that he should go". "I expect her to come" inakubalika, ila "I hope her to come" haikubaliki, ingawa kutarajia na kutumaini ni majirani. "Let" na "make" zinamkubali mtu lakini zinaikataa "to": tunasema "She made me wait". "She made me to wait", ambayo husikika sana huku kwetu, ni kosa. Halafu, kana kwamba ni mzaha, ukigeuza sentensi iwe ya kutendwa "to" inarudi: "I was made to wait". Usitafute sababu itakayokuridhisha. Ndivyo wenyewe wanavyosema.

Tena kuna kile kiwakilishi cha katikati. Kwetu "yeye" ni yeye, awe mtendaji au mtendewa. Katika "Nataka aende", ile a- ni ya mwendaji. Kiingereza kinamvuta mwendaji huyo upande wa "want" na kumfanya mtendewa wake, ndiyo maana "he" inageuka "him", "she" inakuwa "her" na "they" inakuwa "them".

Hakuna kanuni moja inayokuambia kitenzi kipi kinafuata njia ipi. Kwa hiyo ilibidi mtu akae chini, apitie kitenzi baada ya kitenzi na kuandika tabia ya kila kimoja. Hornby alivipanga vitenzi katika miundo ya sentensi na kuipa namba. Katika kitabu chake cha mwongozo cha mwaka 1954 miundo hiyo ni 25, na huu wa "want him to go" ni namba 3. Katika kamusi, kando ya kitenzi, paliwekwa namba; msomaji aliifuata hadi kwenye maelezo na kukuta mifano.

Kamusi hiyo nusura imezwe na vita. Desemba 1941 Japani iliishambulia Marekani huko Pearl Harbor na kuingia vitani na Uingereza pia. Hornby, akiwa raia wa nchi adui, aliwekwa kizuizini. Hata hivyo mwaka 1942, katikati ya vita, kampuni ya Kaitakusha ya Tokyo iliichapisha kamusi: kitabu cha kufundisha lugha ya adui, kilichoandikwa na walimu watatu kutoka nchi ya adui. Kwa maoni yangu huo ni ujasiri wa wachapishaji ambao hautajwi inavyostahili. Mwaka huohuo Hornby aliruhusiwa kurudi kwao.

Baadaye shirika la British Council lilimpeleka Iran. Vita vilipokwisha alianzisha, mwaka 1946, jarida la walimu wa Kiingereza ambalo linatoka hadi leo. Mwaka 1948 Oxford ilitoa kamusi ile kwa kupiga picha kurasa za Tokyo na kuzichapa upya, na ikaanza kusambaa duniani. Matoleo mapya yalifuata mwaka 1963 na 1974.

Ilimletea fedha nyingi. Mwaka 1961 Hornby alianzisha mfuko wa elimu uliotumia sehemu kubwa ya mapato ya vitabu vyake kuwasomesha walimu wa Kiingereza kutoka nchi nyingine. Mfuko huo bado upo.

Namba zake zilikuwa na tatizo moja: wasomaji wengi hawakuzikumbuka, na kwenda kuzitafuta kurasa za mbele kulichosha. Alifariki dunia Septemba 1978, na katika matoleo yaliyofuata wahariri waliziondoa. Leo ukiifungua kamusi hiyo kwenye simu na kutafuta "want", utakuta muundo wenyewe umeandikwa hivi: "want somebody/something to do something". Neno "somebody" ni mtu fulani, na "something" ni kitu fulani. Mahali pa "somebody" ndipo unapoweka "him", "her" au "them". Kisha tafuta "suggest" uone kama "somebody to do" imo.