Bingwa wa Kizunguzungu Aliyepata Tuzo Akiwa Mateka

Msafiri wa basi apandaye milima ya Kilungu, huko Makueni, huyumbishwa kila kona, kichwa kikaegemea bega la kulia, kisha la kushoto. Hajui, wala abiria mwenziwe haoni, ya kuwa macho nayo yana kazi yao. Kichwa kiinamapo kuliani, macho hujizungusha kushoto, kila moja mahali pake, mfano wa gurudumu katika ekseli. Ni digrii chache tu. Tabibu Mskochi John Hunter aliliandika jambo hili mwaka 1786, lakini miongoni mwa waliolifanya njia ya kuchunguzia maradhi ni Daktari Robert Bárány.

Bárány alizaliwa Vienna tarehe 22 Aprili 1876, katika nyumba ya Kiyahudi. Utotoni alishikwa na kifua kikuu cha mifupa, goti lake moja likakakamaa maisha. Yasemekana ugonjwa huo ndio uliomvuta kwenye utabibu. Alihitimu mwaka 1900, na baada ya miaka mitatu akaingia kliniki ya masikio ya bingwa Politzer.

Huko, kazi yake moja ilikuwa kuosha masikio ya wagonjwa kwa maji, nao wakilalamika kizunguzungu. Madaktari wengi wangaliwapa pole yakaisha. Yeye aliwatazama machoni, akaona yanachezacheza. Maji ya baridi yalipotiwa, macho yalikwenda upande mmoja. Ya moto, yakageuka upande wa pili. Akafahamu: ndani ya sikio mna vijifereji vyenye majimaji, na majimaji yakipata moto hupanda, yakipoa hushuka, kama maji ya birikani. Sikio lililokufa kwa ndani halijibu kitu. Basi bila ya kisu, daktari aliweza kujua hali ya kiungo kilichofichwa ndani ya mfupa.

Mwaka 1906 alichapisha uchunguzi wake juu ya lile zunguko la macho, akilinganisha watu wazima wa masikio, wagonjwa wa masikio na mabubu viziwi. Kazi hiyo yataka subira: kichwa kizuiwe kisiteleze, kisha zitazamwe alama ndogo katika ile rangi izungukayo mboni, zimehama kiasi gani. Zunguko hilo huamrishwa na vijiwe vidogo vya chokaa vilivyomo sikioni, ambavyo huelemea upande kichwa kikiinama. Ajabu ya maumbile: mtu ana mizani kichwani, na ulimi wa mizani hiyo uko jichoni!

Vita vya 1914 vilipozuka alijitolea kuwa daktari wa jeshi la Austria, juu ya goti lake lile. Ngome ya Przemyśl ilipoanguka Machi 1915, Warusi wakamchukua mateka mpaka Merv, katika nchi iitwayo leo Turkmenistan. Msomaji aliyepita vyuoni aujua mji huo kwa jina la Marw: kwao Abdullahi bin al-Mubarak, na makao ya Maamun kabla ya kuingia Baghdad mwaka 819. Huko Bárány aliwatibu mateka wenziwe na wenyeji, na huko ndiko ilikomfikia habari kuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Mwanamfalme Carl wa Uswidi, kwa njia ya Msalaba Mwekundu, akamwombea. Akafunguliwa mwaka 1916, akaipokea tuzo Stockholm.

Kwao Vienna hakupokewa kwa vigelegele. Wenzake walimlaumu kuwa hakuwataja ipasavyo waliomtangulia, na chuo kikuu kikamnyima uprofesa. Mimi siwezi kuwaamua, ila naona hasira ile ilikuwa na harufu ya husuda. Mwaka 1917 akahamia Uppsala, Uswidi, akafundisha huko mpaka alipofariki tarehe 8 Aprili 1936, siku 14 kabla ya kutimiza miaka 60.

Hata leo, mgonjwa wa kizunguzungu akifika kwa bingwa wa masikio huenda akatiwa maji baridi, kisha ya moto, na macho yake yakatazamwa. Siku hizi kamera ndiyo itazamayo.