Beryl Markham, Rubani Aliyevuka Bahari Peke Yake

Ninyi mkaao Nshamba mwajua jinsi ukungu wa asubuhi unavyofunika vilima na migomba, hata mtu asimwone mwenzake aliye mbele yake njiani. Tena mwayajua mawingu meusi yatokayo kwa ghafula upande wa Ziwa Victoria, wavuvi wakakimbilia ufukoni. Mtu aendaye kwa miguu aweza kusimama mahali akangoja mvua ipite. Lakini rubani wa eropleni hawezi kusimama angani. Tarehe 6 Novemba 2022 eropleni iliyokuwa ikienda Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani karibu na kiwanja. Watu 19 walikufa, na wavuvi wakaenda upesi na mitumbwi yao kuwaokoa wengine. Basi sikilizeni habari za mwanamke mmoja aliyepatwa na hali mbaya ya hewa juu ya bahari, naye yu peke yake.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza katika mwaka wa 1902. Alipokuwa bado mtoto mdogo baba yake, Charles Clutterbuck, alimleta Kenya, wakakaa katika shamba huko Njoro. Mama yake hakukaa sana, alirudi Uingereza, na mtoto akabaki na baba yake. Alicheza na watoto wa Kiafrika wa mahali pale, akajifunza lugha yao, na kutupa mkuki, na kutembea mwituni pasipo hofu. Alipokuwa kijana baba yake alifilisika kwa sababu ya ukame, akaenda kutafuta kazi Amerika ya Kusini. Beryl akabaki Kenya, akajipatia riziki kwa kuwafundisha farasi wa mashindano.

Katika mwaka wa 1931 alianza kujifunza kurusha eropleni huko Nairobi. Mwalimu wake alikuwa Bwana Tom Campbell Black. Mwezi wa Mei mwaka ule ule rafiki yake, Denys Finch Hatton, aliyekuwa rubani pia, alianguka na eropleni yake huko Voi akafa. Beryl alihuzunika sana, lakini hakuacha masomo. Mwaka uliofuata, kabla hajatimiza mwaka mmoja tangu kupata cheti chake cha kwanza, alisafiri peke yake kutoka Kenya mpaka Uingereza. Katika mwaka wa 1933 alipata cheti cha kufanya kazi ya urubani kwa mshahara, na katika Kenya hapakuwa na mwanamke aliyekipata kabla yake.

Kazi yake ilikuwa kuchukua barua, abiria na wagonjwa. Katika kitabu chake aeleza jinsi alivyoitwa usiku mmoja katika mwaka wa 1935 apeleke hewa ya kupumulia kwa mchimba dhahabu aliyekuwa mahututi huko Nungwe, upande wa kusini wa ziwa letu. Alitoka Nairobi gizani, na watu wa Nungwe waliwasha mioto ili aone mahali pa kutua.

Labda mtauliza, rubani aonaje njia asipoona nchi wala nyota? Jueni kwamba ndani ya wingu mwili wa mtu humdanganya. Hudhani yuko sawa, kumbe eropleni imelala upande mmoja. Hudhani anapanda, kumbe anashuka. Wengi wamekufa kwa kuufuata moyo wao. Kwa hiyo rubani lazima aziamini saa zilizo mbele yake: dira imwonyeshayo upande aendako, saa ya kupimia kimo, na saa imwonyeshayo kama eropleni inageuka. Kuziamini saa hizo wakati moyo unasema vingine ni jambo gumu sana, na halijifunzwi siku ya dhoruba.

Tarehe 4 Septemba 1936, jioni, Beryl aliondoka Abingdon katika Uingereza, akitaka kufika New York katika Marekani. Alikuwa amengoja siku kadhaa hali ya hewa itengenee, na hata siku ile haikuwa njema. Safari ya kutoka mashariki kwenda magharibi ni ngumu, kwa sababu pepo za bahari ile huvuma zaidi kutoka magharibi, nazo kwake zilikuwa za mbisho. Eropleni yake ilikuwa na mtambo mmoja tu, wala haikuwa na redio. Ndani mlijaa matangi ya petroli.

Usiku kucha alikwenda katika giza, mvua na upepo. Tangi moja lilipokwisha mtambo ulizimika, na eropleni ikaanza kushuka kuelekea majini. Alipapasa gizani akakitafuta kifungulio cha tangi la pili, akakifungua, na mtambo ukawaka tena maji yakiwa karibu. Kama angalitapatapa kwa hofu, habari zake zingaliishia pale.

Kulipokucha akaiona nchi kavu. Lakini barafu ilikuwa imeziba tangi la mwisho, petroli haikupita vizuri, na mtambo ukazimika mara kwa mara. Akashuka katika kinamasi chenye mawe huko Cape Breton, katika Kanada. Eropleni ilichoma pua matopeni, naye akaumia kichwani. Alikuwa amesafiri kwa saa zipatazo 21. Wavuvi wawili walimwona wakamsaidia. New York hakuifikia na eropleni yake. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ile peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi pasipo kutua njiani.

Baadaye aliandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka katika mwaka wa 1942. Kisha alirudi Kenya akafundisha farasi tena. Alikufa Nairobi mwezi wa Agosti 1986, mwenye umri wa miaka 83.

Watu humsifu Beryl kwa ushujaa wake, na ni haki. Lakini wako mashujaa wengi waliozama baharini. Usiku ule mkono wake ulikitafuta kifungulio kwa utulivu hata ukakipata, wala hakutapatapa kwa hofu.