Robert Louis Stevenson: Maisha na Kazi ya Msimuliaji wa Vijana

Miongoni mwa waandishi walioiwekea msingi fasihi ya vijana, jina la Robert Louis Stevenson halikosi kutajwa. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walimfahamu kupitia Kisiwa Chenye Hazina, tafsiri ya riwaya yake Treasure Island iliyofanywa na Frederick Johnson wakati wa ukoloni. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba aliyeandika safari hizo za bahari na mapanga alikuwa mgonjwa tangu utotoni.

Stevenson alizaliwa tarehe 13 Novemba 1850 mjini Edinburgh, Uskoti, akiwa mtoto wa pekee wa Thomas Stevenson na mkewe Margaret. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa wahandisi wa minara ya taa inayoongoza meli baharini. Babu yake ndiye aliyejenga mnara mashuhuri wa Bell Rock. Mvulana huyu alizaliwa na mapafu dhaifu, na usiku mwingi aliupitisha akikohoa kitandani huku yaya wake, Alison Cunningham, akimsomea Biblia na kumsimulia visa vya kale vya Uskoti. Hapana shaka kwamba masimulizi hayo ndiyo yaliyokuwa chuo chake cha kwanza.

Mwaka 1867 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea uhandisi, kama ilivyotarajiwa na ukoo. Moyo wake, hata hivyo, haukuwa huko. Mwaka 1871 alimkabili baba yake na kumweleza kuwa alitaka kuwa mwandishi. Mzee alihuzunika, walikubaliana kwamba kijana asome sheria ili asikose riziki. Stevenson alihitimu kuwa wakili mwaka 1875, lakini kazi hiyo hakuifanya. Katika kipindi hicho walikuwa wamekwisha kukosana vikali, baada ya mwana kukiri kuwa imani yake ya dini imetetereka.

Mwaka 1876, akiwa Ufaransa, alikutana na Fanny Osbourne, Mmarekani mwenye watoto aliyekuwa ametengana na mumewe, na aliyemzidi kwa miaka kumi. Mwaka 1879 alimfuata hadi California bila ridhaa ya wazazi. Safari hiyo nusura imuue kwa maradhi na ufukara. Walioana mwaka 1880, na hatimaye baba mtu akasamehe na kumsaidia kwa fedha. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa damu ni nzito kuliko maji.

Kilele cha upatanisho huo kilionekana katika kitabu. Mnamo 1881, wakiwa wamezuiliwa ndani na mvua kijijini Braemar, Stevenson na mwana wa kambo, Lloyd, walichora ramani ya kisiwa cha kubuni. Kutokana na ramani hiyo riwaya ilizaliwa. Kila sura ilipokamilika, jamaa nzima iliketi kusomewa, na mzee Thomas, yule yule aliyeukataa uandishi wa mwanawe, akaandika orodha ya vitu vilivyomo ndani ya sanduku la haramia Billy Bones. Hadithi ilitolewa kwanza kwa mfululizo katika jarida la vijana liitwalo Young Folks bila kuvuma sana. Ilipochapishwa kama kitabu mwaka 1883, ndipo ilipompatia mwandishi umaarufu.

Ubora wa riwaya hii umo katika uhusika. Mhusika Long John Silver, ambaye Stevenson alimwumba akimfikiria rafiki yake mshairi W. E. Henley aliyekatwa mguu, ni katili na msaliti. Lakini pia ni jasiri, mcheshi na mwenye kumpenda kijana Jim Hawkins. Fasihi nyingi ya vijana ya zama hizo ilitoa mahubiri. Stevenson alimwachia msomaji kijana mzigo wa kuamua mwenyewe. Kitendawili hicho cha wema na uovu katika nafsi moja alikiendeleza mwaka 1886 katika kisa cha Daktari Jekyll na Bwana Hyde, mwaka ule ule alipotoa Kidnapped, riwaya nyingine ya vijana.

Baba yake alifariki mwaka 1887. Mwaka uliofuata Stevenson alianza safari katika Bahari ya Pasifiki akitafuta hewa ya kumfaa, na hatimaye akafanya makao Vailima, Samoa. Wenyeji walimwita Tusitala, yaani msimulizi wa hadithi. Kisa chake cha The Bottle Imp kilitolewa kwa Kisamoa mwaka 1891. Aidha, aliwatetea Wasamoa dhidi ya mataifa makubwa yaliyokuwa yakigombea visiwa vyao, na mwaka 1892 alichapisha kitabu kuhusu mgogoro huo. Machifu aliowasaidia walipokuwa gerezani walimjengea barabara walipoachiliwa.

Stevenson aliaga dunia ghafla tarehe 3 Desemba 1894, akiwa na umri wa miaka 44. Wasamoa walifyeka njia na kumbeba hadi kilele cha mlima Vaea, alikozikwa.

Wapo wanaoiona fasihi ya vijana kuwa kazi ya daraja la chini, ya kufanyia mazoezi kabla ya kuandikia watu wazima. Maisha ya Stevenson yanatoa jibu. Aliwaandikia vijana kwa uzito ule ule aliowaandikia wazee wao, na kwa njia hiyo akaendeleza kazi ya ukoo wake: kuwawashia taa walio safarini.