Steve McQueen: Staa aliyegawa saa iliyokuja kuuzwa dola milioni 2.2

Desemba 2020, jijini New York, saa moja ya mkononi ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 2.2 za Marekani. Haikuwa ya dhahabu wala haikuwa na almasi. Ilikuwa saa ya chuma, ya mraba, uso wa bluu, aina ya Heuer Monaco.

Kilichoipandisha bei ni mkono ulioivaa: mkono wa Steve McQueen, mwigizaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1980. Na cha kushangaza, mwenyewe aliitoa bure.

Kijana asiyetakiwa nyumbani

McQueen alizaliwa Machi 24, 1930, Beech Grove, jimbo la Indiana. Baba yake aliondoka yeye akiwa bado mchanga kabisa. Mama naye alikuwa na matatizo yake ya pombe, hivyo mtoto akapelekwa Slater, Missouri, kulelewa shambani kwa Claude, kaka wa bibi yake.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa baba kwake. Mama alipomchukua tena, Claude alimpa zawadi ya kuagana: saa ya mfukoni ya dhahabu, imechongwa maneno ya kumwambia kwamba alikuwa kama mwanawe wa kumzaa.

Maisha ya mjini hayakumwendea vizuri. Alipigwa na baba wa kambo, akajiunga na makundi ya wahuni, na mwisho akapelekwa Boys Republic, kituo cha kurekebisha vijana kilichopo Chino Hills, California.

Wengi wakitoka sehemu kama hizo hawataki hata kuzikumbuka. Yeye alifanya kinyume. Hata alipokuwa staa mkubwa alirudi mara kwa mara kukaa na vijana wa pale, na kwenye wosia wake alikiachia kituo hicho fedha.

Kutoka jeshini hadi kwenye muvi

Mwaka 1947 aliingia jeshini, kikosi cha Marines, akatoka 1950. Akahamia New York kusomea uigizaji, na wikiendi akawa anashindana mbio za pikipiki ili apate hela ya kula.

Tamthilia ya Wanted: Dead or Alive ndiyo iliyomtambulisha kwenye televisheni. Kisha zikafuata The Magnificent Seven mwaka 1960, The Great Escape mwaka 1963, na The Sand Pebbles mwaka 1966, iliyompa nafasi ya kuwania Oscar. Bullitt ya 1968, yenye ile fukuzana ya magari kwenye milima ya San Francisco, ikamaliza mjadala. Jamaa akawa mmoja wa waigizaji waliolipwa vizuri zaidi duniani.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mbio. Machi 1970 aliingia mashindano ya saa 12 ya Sebring, Florida, mguu wa kushoto ukiwa kwenye plasta baada ya kuuvunja kwenye pikipiki. Yeye na mwenzake Peter Revson wakamaliza wa pili, nyuma ya gari la Mario Andretti kwa sekunde zisizofika 30.

Saa ya bluu yaingia kwenye picha

Mwaka huohuo alikwenda Ufaransa kutengeneza Le Mans, muvi kuhusu mbio za saa 24 zinazofanyika huko. Alitaka kushiriki mbio zenyewe, ila watu wa bima wakagoma.

Alitaka aonekane dereva kwelikweli, siyo mwigizaji aliyevaa nguo za dereva. Mfano wake ukawa Jo Siffert, dereva wa Uswisi aliyedhaminiwa na kampuni ya saa ya Heuer. McQueen akavaa suti kama ya Siffert, yenye nembo ya Heuer kifuani. Sasa nembo bila saa ingekuwa kichekesho, ndipo Monaco ikapanda mkononi.

Saa hiyo ilikuwa imetoka 1969. Ilikuwa miongoni mwa saa za kwanza duniani zenye stopuochi ambazo hazihitaji kutiwa ufunguo, zinajijaza zenyewe mkono unapotikisika. Ndiyo maana kile kifundo cha kurekebishia muda kiliwekwa upande wa kushoto. Lakini umbo lake la mraba liliwashinda wanunuzi wengi, na katikati ya miaka ya 1970 ikaacha kutengenezwa.

Muvi yenyewe ilimgharimu sana. Kazi ilianza bila hadithi iliyokamilika, mwongozaji John Sturges akaondoka, dereva David Piper akapata ajali na kukatwa sehemu ya mguu, na ndoa ya McQueen na Neile ikavunjika. Le Mans ilipotoka 1971, haikufanya vizuri sokoni. Oktoba mwaka huohuo Siffert naye akafa kwenye mbio huko Brands Hatch, Uingereza, akiwa na miaka 35.

Zawadi kwa fundi

Kazi ilipoisha, McQueen alitaka kumshukuru Haig Alltounian, fundi mkuu aliyehakikisha magari yale yanatembea na yeye anarudi salama. Akampa Monaco aliyoivaa. Fundi akakataa, akiona ni bora staa abaki nayo. Kumbe ameshachelewa: jina lake lilikuwa limeshachongwa nyuma ya saa.

Alltounian alikaa nayo miaka 50 kabla ya kuipeleka mnadani.

McQueen hakuuona msisimko huo. Mwishoni mwa 1979 aligundulika kuwa na saratani ya utando wa mapafu, ugonjwa unaohusishwa na vumbi la asbesto. Mwenyewe aliamini aliipata jeshini alipokuwa akibandua asbesto kwenye mabomba ya meli. Alikwenda Mexico kutafuta tiba ambazo madaktari wa kwao hawakuzikubali, na Novemba 7, 1980, akafariki Ciudad Juárez baada ya upasuaji. Alikuwa na miaka 50. Majivu yake yalimwagwa Bahari ya Pasifiki.

Biashara baada ya kifo

Mwaka 1998, miaka 18 baada ya kifo chake, kampuni, ambayo sasa inaitwa TAG Heuer, iliirudisha Monaco kwa toleo maalum la saa 5,000. Mwaka 2019, saa hiyo ikitimiza miaka 50, yakatoka matoleo matano, kila moja saa 169 tu. Hesabu ni rahisi: zikiwa chache, wakusanyaji wanagombania.

Na jina linalotajwa kila Monaco inapouzwa ni la McQueen, mtu ambaye nje ya kamera alizoea kuvaa Rolex Submariner.

Ila toleo moja hakuna kiwanda kinachoweza kulirudia. Ni lile lenye jina la fundi mgongoni, alilopewa na mtu aliyejua tangu utotoni maana ya kupewa saa iliyochongwa maneno kwa ajili yako.