Hussein Tindwa: Alifia kazini na jezi ya Simba

Ukikaa na wazee wa Msimbazi pale Kariakoo, stori ya 1979 ni moja tu: Simba kafungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers, kaenda Zambia kashinda 5-0. Thuwein Waziri alitupia matatu, George Kulagwa mawili.

Ila Klabu Bingwa Afrika ya mwaka ule ilikuwa na msiba wake. Raundi iliyofuata, Simba ikicheza na Racca Rovers ya Nigeria Uwanja wa Taifa, sasa Uhuru, Hussein Tindwa alianguka. Hakuinuka tena. Watu walikwenda kuona mpira, wakarudi na msiba.

Waziri na Kulagwa wanakumbukwa kwa mabao, na ni haki yao. Tindwa aliacha uhai. Zile tano zikitajwa, naye atajwe.