Arthur Gouge, mchoraji wa ndege iliyokwama Faradje

Hadi mwaka 2015, Boga na Faradje zilikuwa katika jimbo moja, Province Orientale. Karibu na Faradje, Machi 1939, ndege ya Waingereza ya kutua majini, Corsair, ilipotea ikielekea Juba, ikatua kwenye mto Dungu na kutobolewa na jiwe. Aliyeichora ni Arthur Gouge.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1890. Mwaka 1915 aliingia kampuni ya Short kama fundi, akapanda hadi mkuu wa wachoraji. Huko walikokota mifano midogo ya ndege ndani ya birika refu, kuona kama itaelea vizuri.

Corsair ilitengenezwa, ikashindwa kuruka mara ya kwanza. Mto ukazibwa ili maji yapande, na Januari 1940 ikaondoka.

Baada ya vita, Gouge aliongoza kampuni ya Saunders-Roe iliyojenga Princess, ndege kubwa mno ya injini 10. Iliruka mwaka 1952, lakini mashirika yalikwisha kuchagua viwanja vya nchi kavu, haikupata mnunuzi.

Gouge alifariki mwaka 1962. Kufikia 1967, Princess zote tatu zilikuwa zimevunjwa. Leo inaruka mifano yake tu, midogo, ikiongozwa kwa redio.